Mufalme Mwenye Alikunywa Bila Kuonjewa

Kwa Papa Prefe wa masomo, ku Kamembe,

Pokea heshima yangu. Miye ni Védastine wa Mururu, nkambo wa Benitha, mama ya mama yake. Kusoma sikusoma, njo maana minasema na Benitha anaandika. Amekunja uso, juu minashitaki kitabu yake.

Ni ile ya mufalme. Ndugu yake mudogo anamuuwa na pombe ya sumu, anachukua kiti. Kisha kila chakula inamugeukia majivu mu kinywa, na usingizi inamukimbia.

1. Mufalme gani anapokea kikombe bila mwenye nyumba kuonja mbele? Huku kwetu hata mutoto anajua: mwenye pombe anakunywa wa kwanza, kisha mugeni. Huyu alikufa juu ya kukosa wa kumufundisha. Batoto bamulilie ya nini?

2. Bantu kuuana juu ya kiti, tuliona. Nilivuka muto Rusizi nikikimbia, vita ya Congo ikanirudisha, kila ngambo chef mupya. Masomo hiyo tulipata bure, na munatulipisha minerval, feza ya masomo, tena.

3. Kitabu inadanganya. Responsable wetu wa mutaa, Twagirayezu, ndugu yake mukubwa alikufa mu vita, yeye akaingia mu nyumba yake. Mujane, Mukakalisa, ndugu yangu mudogo, alimutosha inje na sufuria moja. Sasa analala mu jikoni yangu. Papa, Twagirayezu anakosa usingizi? Anakoroma mpaka ku barabara. Anakula majivu? Bifungo ya shati binaomba ruhusa. Na ku mukutano yeye njo anatufundishaka upendo.

4. Jumapili Twagirayezu alikuwa kwetu, anakunywa ikigage yangu, pombe ya mutama (niliionja mbele, Benitha, andika hiyo). Benitha anasoma kwa sauti. Kufika pa majivu, muzee akaweka kikombe chini, akauliza mwalimu wenu ni mwana wa nani, akaenda. Na kashe, muhuri ya mutaa, ni yeye anashika. Mukakalisa atarudishiwa nyumba na nani?

Basi, Papa, ondoa ile kitabu. Pea batoto ya sungura na fisi, pale hakuna muntu wa kujiona.

Unisalimie Maman wa nyumbani, balimu bote, hata yule wa ku mulango mwenye anafukuzaka Benitha akichelewa.

Védastine, na kidole yangu hapa.

N.B. Papa, ngoja. Twagirayezu amerudi leo asubuhi. Amekataa kiti. Amesimama na kofia mu mikono, anauliza Benitha pole pole yule mudogo wa mufalme inamumalizikia namna gani. Benitha amesema habajafika ku mwisho. Usiondoe kitabu. Ambia tu mwalimu asikimbilie mwisho, angojee kwanza Mukakalisa apate ufunguo ya nyumba yake.