Kichwa Kinachokubali

Jumatatu, Juni 6

Bosi ametangaza kwenye kikao cha mtandaoni, kila mtu akiwa kwenye kijidirisha chake: janga limepita, barakoa basi, wiki ijayo wote turudi ofisini. Isipokuwa mhariri mmoja. Huyo ataendelea kuhariri video akiwa nyumbani, maana ofisi mpya ni ndogo na kiti kimepungua. Bosi atamchagua baada ya kuona tunavyojituma.

Ni mimi! Lazima niwe mimi. Hapa nyumbani nimekuwa mtu. Suruali ya ofisi sijui hata iko wapi. Mchana nalala kidogo. Kisha binti yangu anarudi kutoka shule, anaingia chini ya meza yangu ya kazi, anaweka miguu yake juu ya yangu na kuchora mpaka nimalize. Nampenda mno mtoto yule. Sirudi ofisini.

Mpinzani ni mmoja: Madoido. Tumempa jina hilo kwa sababu hawezi kuunga picha mbili bila kurusha nyota katikati.

Jumanne, Juni 7

Mkakati. Tangazo la magodoro tunalihariri wote kwa pamoja mtandaoni. Kila mmoja analifungua kwake, na ukiona kasoro unabandika maoni palepale juu ya picha, Bosi anayasoma. Nimembandikia Madoido maoni kila kona. Nyota zimezidi. Godoro linaonekana kama linaungua. Muziki umechelewa. Nikakaa kungoja aumbuke.

Hakuumbuka. Amejibu kila moja: asante kaka, nimerekebisha. Jioni tangazo lilikuwa limependeza kweli, na Bosi ameandika kwamba Madoido ni kijana anayepokea ushauri. Kuhusu aliyetoa ushauri, kimya! Nimefanya kazi ya punda.

Jumatano, Juni 8

Bosi amelalamika kwamba kuna watu wanasinzia kikaoni. Hakutaja jina, lakini nilijua ananitazama mimi. Kikao ni saa nane mchana. Usingizi wangu pia ni saa nane mchana. Kimoja lazima kihame, na usingizi umekataa.

Kwa hiyo nimejirekodi. Shati la kola, mgongo wima, natikisa kichwa kukubali, naandika kidogo, nakubali tena. Kisha nikahariri. Vipande vyote vya kukunja uso nimevitupa, nikabakiza vya kukubali tu, nikaunga mwisho na mwanzo hadi mshono hauonekani. Kesho kompyuta itawaonyesha video hii badala ya kamera. Ni kazi yangu bora tangu nianze fani hii. Mke wangu ameitazama, akasema ni mara ya kwanza kuniona nikisikiliza.

Alhamisi, Juni 9

Imefanya kazi! Nimelala fofofo. Nilipoamka nikakuta ujumbe wa Madoido akinishukuru kwa kukubali kumwandikia maandishi yote ya tangazo. Maandishi yapi? Bosi naye kanisifu: hajawahi kuona mfanyakazi mwenye moyo kama wangu. Nimeandika hadi vidole vimekufa ganzi. Hakuna neno. Nafasi ni yangu.

Ijumaa, Juni 10

Nimelala tena. Nilipoamka, simu imejaa pongezi. Eti Bosi aliuliza nani atajitolea kurudi ofisini na wengine Jumatatu, ili Madoido ndiye abaki nyumbani. Inasemekana nilikubali kwa kichwa kabla hajamaliza swali. Watu walipiga makofi.

Nilishika simu nikane. Nikane vipi? Niseme sikuwapo? Nimemweleza binti yangu kwamba baba hatakuwa mezani tena mchana. Akakusanya kalamu zake za rangi, akaenda kuchorea jikoni. Imeniuma, sifichi.

Jumatatu, Juni 13

Ofisini. Suruali imepatikana, kifungo kimegoma. Na kioja: vikao bado ni vya mtandaoni, kwa sababu Madoido yuko kwake. Kila mtu amevaa visikilizio mezani pake, Bosi yuko nyuma ya ukuta, namsikia mara mbili. Mimi nimewekwa pembeni kabisa, jirani na stoo.

Nimetafakari kwa kina kosa langu la wiki iliyopita. Nimeliona. Nilikubali mno! Wengine walipotoka kwenda kula, nimejirekodi upya hapahapa mezani: uso umekazwa, natikisa kichwa kukataa. Safari hii hanipati mtu. Na stoo wamehifadhi magodoro ya tangazo.

Jumanne, Juni 14

Godoro ni zuri, tangazo halikutia chumvi.

Nilipotoka stoo nilikutana na Bosi koridoni. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema Madoido amechoshwa na upweke, ameomba kuja ofisini, na kwamba kikaoni aliniuliza kama ningependa kurudi kufanyia kazi nyumbani badala yake. Aliniuliza mara tatu, asiamini. Mara zote nilikataa, tena kwa msimamo. Amesema mfano wangu umewagusa wote, ameifuta nafasi ya nyumbani moja kwa moja, na kiti kilichopungua kitanunuliwa.

Nimeenda chooni nikakaa. Nikawaza sana kuhusu binti yangu, na kuhusu maisha yangu, na mwishowe nimeelewa tatizo liko wapi. Kukubali ni hatari. Kukataa ni hatari vilevile.

Kesho naja na shati jingine. Nitajirekodi nikikuna kidevu.