Winga ya Kushoto Yapewa Waheshimiwa

Umma unatangaziwa kwamba fainali ya Mashindano ya Kimataifa ya Soka ya Wanawake, kati ya timu yetu ya taifa na wageni wetu, imefana sana. Kilichobaki ni kuchezwa tu.

Ndivyo redio ilivyosema asubuhi ya fainali. Afisa Itifaki wa Wizara, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Itifaki, aliongeza sauti ili mkewe asikie vizuri. Maneno yale aliyaandika yeye.

Siri ya mafanikio ilikuwa viti. Miezi michache nyuma hakuna mheshimiwa aliyejua kwamba taifa lina timu ya wanawake. Wachezaji walifanya mazoezi nyuma ya ghala na kuazimana viatu. Waliposhinda nusu fainali wakageuka ghafla kuwa "mabinti zetu", na kila mwenye cheo akataka kukaa karibu nao kadiri inavyowezekana. Jukwaa kuu likajaa mawaziri. Wakaja manaibu, wake wa manaibu, wasaidizi wa wake wa manaibu, na bwana mmoja ambaye kazi yake haikujulikana, ila ukiita "Mheshimiwa" aliitika.

Kamati ya Viti vya Heshima ikakaa, ikatafakari, ikaamua sofa zishuke uwanjani. Zikajaza njia ya wakimbiaji, zikavuka mstari wa chokaa, zikaingia kwenye nyasi. Winga yote ya kushoto ikatandikwa zulia jekundu. Na ili waheshimiwa wasije wakajikuta wamekaa winga ya kulia baada ya mapumziko, Kamati ikafuta utaratibu wa timu kubadilishana magoli.

"Uwanja haukupunguzwa," Kamati ilifafanua. "Umekusanywa."

Tatizo lilikuwa dogo tu: winga wa kushoto wa timu ya taifa alikuwa binti wa Bwana Itifaki. Siku hizo alilala nyumbani, kwa kuwa hoteli ya wachezaji ilijaa wasaidizi.

"Baba," aliuliza wakinywa chai, "mimi nitakimbilia wapi?"

"Katikati."

"Katikati kuna watu. Kocha kasema kama hakuna pembeni, mimi nakaa benchi."

"Benchi limehamishiwa koridoni," alisema baba kwa upole. "Kuna hewa nzuri."

Mama akatua birika. "Mzee, mtoto huyu amekimbia pembeni tangu anang'oka meno ya utoto. Leo ndiyo fainali yake, wewe pembeni yake unampa mke wa naibu aweke mkoba?"

"Si mkoba tu. Na miguu pia."

"Na wewe wanakupa nini?"

Bwana Itifaki akakohoa. Waziri alikuwa amemwahidi ukurugenzi, mradi asisikike mheshimiwa hata mmoja akilalamikia kiti. Binti alimtazama, akabeba begi lake la viatu, akatoka bila kuaga. Kiitifaki lilikuwa kosa, lakini baba hakulitaja.

Waziri mwenyewe alishughulikia mageti. Alichukia sana watu wanaotokatoka wakati wa hotuba, basi akaamuru kila geti libandikwe tangazo: UKITOKA HURUDI, BILA KUJALI CHEO, SURA WALA UNDUGU. Hilo la cheo aliliongeza kwa sababu lilisikika vizuri redioni. Geti la upande wa jua alipewa mama mmoja mwenye mabega kama kabati, aliyejulikana kwa jina la Komeo. Akaambiwa akimrudisha ndani mtu mmoja tu, kibarua chake kimeota nyasi.

Saa ya mechi ikafika. Refa, mwanamke mfupi aliyetoka nchi ya mbali, alitembea hadi kwenye zulia jekundu akiwa na futi ya kupimia, akasimama mbele ya sofa kama mwalimu wa zamu.

"Hawa ni nani?"

"Waheshimiwa," alijibu Bwana Itifaki.

"Naona. Wanacheza namba ngapi?"

Waziri akainama kutoka kwenye sofa yake. "Mwambie hata wageni tumewapunguzia. Haki bin haki."

Refa akakunja futi yake. "Nikipuliza filimbi wakiwa bado ndani ya chokaa, kombe ni la wageni. Nenda ukawaambie."

Hakukuwa na haja ya kuwaambia, uwanja mzima ulikuwa umesikia. Kule koridoni, kwenye benchi lenye hewa nzuri, binti alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambavyo alikwisha kuvifunga.

"Fanya jambo!" Waziri alinong'ona. "Lakini mimi sivuki uwanja mbele ya wananchi kama kuku aliyefukuzwa jikoni."

Bwana Itifaki alimwangalia binti yake. Kisha akaliangalia geti lililokuwa karibu, na lile tangazo juu yake. Alilisoma polepole hadi mwisho, midomo ikicheza, kama mtu anayeomba dua.

"Mheshimiwa," alisema, "sofa zitapelekwa upande wa pili. Wewe, kwa hadhi yako, utatoka kwa geti hili, utazunguka ukuta, utaingia kwa geti la kule, wananchi wote wamesimama. Wageni wa kawaida huingia mara moja. Wewe utaingia mara mbili."

"Mara mbili?" Macho ya Waziri yakang'aa. "Kuna aliyewahi?"

"Hakuna."

"Na mimi je?" aliuliza naibu.

"Wote, kwa kufuata ukubwa wa vyeo."

Wakatoka wote. Hata wa jukwaa kuu walishuka mbio, na yule bwana wa kazi isiyojulikana akawa miongoni mwao, maana hakuna aliyetaka kuonekana hana hadhi ya kuzunguka. Bwana Itifaki aliwasindikiza hadi getini, akainama kwa heshima, akabaki ndani. Mgeni husindikizwa mpaka mlangoni. Ndilo somo la kwanza kabisa la itifaki.

Nyuma yake mashabiki walikuwa wamekwisha kubeba sofa vichwani, na binti alikuwa amesimama kwenye winga yake ya kushoto, anarukaruka kupasha misuli.

Huko upande wa jua, msafara ukafika.

"Fungua, mama," alisema Waziri.

"Mmetokea wapi?" aliuliza Komeo.

"Ndani."

"Basi mmetoka." Akagonga tangazo kwa kidole.

"Unajua mimi ni nani?"

"Sijui, na nimeambiwa nisijali."

"Amri hiyo ni yangu mimi!"

"Ndiyo maana naiheshimu, mwanangu."

"Naifuta sasa hivi!"

"Ifutwe kwa maandishi, ipigwe muhuri. Ofisi zinafunguliwa Jumatatu."

Wakasimama wameshika vyuma vya geti kama wanafunzi waliochelewa kurudi kutoka likizo. Mara uwanja ukalipuka, ukuta ukatetemeka.

"Nani kafunga?" Waziri aliuliza.

Komeo akachungulia. "Winga wa kushoto."

"Winga yupi?"

"Yule mliyemkalia."

Binti alikuwa amekimbia juu ya mashimo ya miguu ya sofa, akampita beki wa wageni na kumwacha anageukageuka kama aliyepotelewa na ufunguo, akautia mpira wavuni. Bao likabaki hilo hilo hadi filimbi ya mwisho.

Kamishna wa mechi akauliza mkubwa ni nani, atoe medali. Bwana Itifaki akaita kwa utaratibu, kuanzia juu. Waziri: hayupo. Naibu: hayupo. Akashuka cheo hadi cheo, hadi akajikuta amefika kwake mwenyewe. Chini yake hapakuwa na mtu.

Alipanda jukwaani. Aliwavisha medali mmoja mmoja, mpaka ikafika zamu ya winga wa kushoto.

"Shikamoo, mgeni rasmi," alisema binti, hacheki.

"Marahaba. Asubuhi hukuaga."

Nje ya ukuta ilisikika sauti ya Waziri. Muda wa hotuba kwenye ratiba ulikuwa umefika, basi aliisoma, akimsomea Komeo: "...na tutaendelea kukaa bega kwa bega na mabinti zetu..."

Binti akainamisha kichwa avishwe. "Baba, na ukurugenzi wako?"

"Umetoka," alisema Bwana Itifaki, akinyoosha utepe wa medali shingoni mwake. "Na ukitoka, hurudi."