Baka Lisilotambulika

Natangaza, kwa niaba ya Idara ya Moto wa Mbuga ambayo mimi ndiye mfagizi wake mwandamizi, kwamba tangu Mkurugenzi aje, moto umestaarabika. Hauwaki ovyo. Unajaza fomu.

Zamani tulichoma mapema, majani yakiwa nusu mabichi: baka hapa, baka pale. Sungura akikimbia huku, anajificha kule, na swala wanafuata machipukizi. Mkurugenzi akasema huo ni ushamba. Waraka ukabandikwa mlangoni: mbuga yote itachomwa siku moja, baada ya mihuri saba. Tena eneo litakalochomwa bila kibali halitatambuliwa kuwa lipo.

Sikubishana. Mkubwa hakosei, huchelewa tu kupatia.

Mihuri ikafika mitano. Majani yakafika kifuani, yakaanza kukauka kama karatasi. Nyuma ya jiko la ofisi swala alikuwa amezaa, nami mtoto mchanga simwachi kwenye kuni. Kabla majani hayajakauka yote, nilichoma baka la kutosha nyumba nne.

Nikaitwa kikaoni.

“Bibi, umechoma mahali pasipokuwepo,” akasema Mkurugenzi.

“Basi mwanangu, nimeharibu nini?”

Karani wa hesabu ya wanyama akacheka, akageuza kicheko kikohozi. Nikapewa barua ya kufukuzwa kazi.

Sijamaliza kuikunja, moto ukatokea bondeni bila muhuri hata mmoja. Ukaja mrefu kuliko paa. Kila mwenye miguu akakimbilia bakani kwangu, ambako moto haukuwa na cha kula: swala na mwanawe, ngiri, sungura, karani na daftari lake, na Mkurugenzi, ambaye ngiri mmoja alimkanyaga kiatu bila kuomba radhi. Ofisi ikateketea, waraka na mlango wake.

Moshi ulipopungua, karani akafungua daftari, maana kazi ni kazi. Akahesabu wote, akamruka Mkurugenzi.

“Na mimi je?”

“Samahani, mzee. Baka hili halipo. Kwa waraka wako, wewe umeungua.”

“Wanyama mbona umewaandika?”

“Wao hawakusaini waraka.”

Mkurugenzi akaomba karatasi alitambue baka. Daftari halichanwi, ni mali ya umma. Nikamkopesha niliyokuwa nayo. Akaandika nyuma ya barua yangu ya kufukuzwa kwamba baka lipo, limechomwa vizuri, na mchomaji aendelee na kazi. Akasaini magotini.

Karani akaisoma mara mbili, akaridhika, akajaza:

Swala, wawili. Ngiri, watano. Sungura, kumi na mmoja. Wengineo, mmoja.