Twiga wa Kidoti na Ukuta wa Chekechea

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Twiga! Tumepata twiga! Watoto thelathini, kopo moja la vikaratasi, na mwanangu anaingiza mkono anatoka na mnyama mrefu kuliko wote. Nimeanza kuandika hata sijakusalimia, daftari langu. Habari za leo? Zangu nzuri kupita kiasi.

Sasa taratibu. Mwalimu wa chekechea anabandua mapambo ya zamani darasani (yale mawingu ya pamba yameshakuwa ya kijivu) na anataka ukuta mpya wa wanyama. Kila mtoto alete mnyama aliyetengenezwa kwa makorokoro ya nyumbani. Mwisho ni Ijumaa asubuhi. Jumamosi wazazi tunakwenda kutazama. Anayependeza zaidi anawekwa kwenye ubao wa mlangoni, anayeingia darasani lazima aanze naye.

Huyo ni wetu. Nilishamwona pale na shingo yake.

Jirani yangu Mama Pacha ana watoto wawili katika darasa hilohilo na mdomo unaotosha wanne. Pacha wake wamepata konokono na kobe. Nilimpa pole palepale darasani kwa moyo mweupe kabisa. Akasema nisijali, baba yao ni seremala. Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaacha kucheka.

Mwalimu alisema pia jambo kuhusu ukubwa, sijui daftari sijui nini. Ndiyo kwanza nilikuwa natoa pole, sikusikia vizuri.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mimi shule niliiachia njiani, lakini mikono hii haijawahi kufeli. Ndiyo maana saluni yangu, yenye viti viwili tu, haikai bila mteja. Leo nimefunga mapema. Trei nane za mayai, maboksi mawili ya sabuni, na shingo ya mirija ya karatasi za chooni, kumi na minne, nimeifunga miwilimiwili. Mirija imetoka kwa wateja. Maombi ya wiki nzima nimeyamaliza ndani ya siku moja.

Gundi nimepika mwenyewe kwa unga wa ngano. Manyoya ya shingoni nimesuka kwa rasta za kahawia, mistari imenyooka kama ya bibi harusi. Twiga ananifika kifuani. Sijawahi kuona twiga aliyesukwa vizuri namna hii, na sitegemei kumwona.

Kidoti, mwenye mali, miaka mitano na kidoti chake shavuni, alikuja na mkasi wake wa plastiki akitaka kubandika sikio. Nikamwambia, mwanangu, hii ni kazi yako, usije ukaiharibu. Nikampa vipande vilivyobaki akachezee chini ya meza.

Baba yake akauliza kwani mwanafunzi ni nani. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Gundi imegoma kukauka! Shingo inalala kama mtu aliyepitiwa na usingizi kikaoni. Nikafikiri. Akili ikaja. Nikambeba twiga hadi saluni, nikamkalisha kwenye kiti cha pili, kichwa ndani ya drayer ya kukaushia nywele, nikawasha moto wa wastani.

Nani anaingia? Mama Pacha. Ati anataka kuoshwa nywele. Mwanamke ambaye mara ya mwisho aliosha nywele kwangu, Kidoti alikuwa bado anatambaa. Nilijua kimemleta nini. Nikavuta mataulo matatu, nikamfunika twiga gubigubi kabla hajageuza shingo.

Mama Pacha akamsalimia. Kimya. Akasalimia tena, kwa heshima zaidi. Nikamwambia yule ni mteja mgeni, ana huzuni, hapendi maongezi. Akamwonea huruma. Akaanza kumfariji! Akamweleza kwamba hata yeye alipitia magumu pacha walipokuwa wachanga, wanalia kwa zamu, lakini Mungu ni mwema. Aliongea robo saa nzima. Kusema kweli nami machozi yalinilengalenga.

Halafu akanusa.

"Mama Kidoti," akasema, "mgeni wako anaungua."

Niliruka na ndoo. Mataulo chini, twiga hadharani, moshi unamtoka masikioni. Mama Pacha alimkagua kuanzia miguuni hadi masikioni. Akaniambia kwamba hajawahi kumwaga siri zake mbele ya trei za mayai. Akaondoka na povu kichwani, na kwa hasira akaropoka: kobe wake ni wa mbao na ana magurudumu.

Hasara si kubwa. Moto umemwachia madoa ya kahawia mwili mzima. Twiga si ndivyo alivyo? Rangi nimeipata bure.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Twiga alifika shule salama. Mlangoni miguu yake iliyotanuka ikakataa kuingia. Tukamlaza, tukamwingiza kichwa kwanza kama kochi. Watoto walipiga makofi, nami nikainama kidogo kuyapokea.

Kumbe ukuta umeshapangwa. Majina thelathini yamebandikwa usawa wa macho ya watoto, na chini ya kila jina kuna nafasi ya ukubwa wa daftari. Daftari! Ndilo lile alilosema. Twiga wangu angeziba majina kumi na mlango.

Mwalimu ana sauti ya upole, ile inayokufanya utafute pa kujificha. Akachuchumaa kwa Kidoti akamuuliza ile shingo aliitengenezaje.

"Sijui," akasema mwanangu. "Mama alinikataza kugusa."

Mwalimu hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba ukuta ni wa mikono ya watoto, na tuna mpaka kesho. Kidoti akaenda kusimama mbele ya jina lake. Wengine wengi walishaweka wanyama wao. Chini ya jina lake ukuta mtupu. Akaweka kiganja pale, kama anayepima homa.

Nikiwa natoka na twiga mgongoni nikapishana na Mama Pacha getini. Amekumbatia kobe wa mbao, magurudumu yanazunguka. Amerudishwa pia. Tulipeana njia tu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Jana jioni ilikuwa ndefu. Baba Kidoti alichukua mkasi wangu akaukalia. Mimi akaniambia nikalie mikono. Nikaikalia kweli, mpaka vidole vikafa ganzi.

Kidoti akatoa mfuko chini ya kitanda. Vile vipande vyote vya Jumanne, alikuwa ameviweka! Akakata, akabandika, ulimi nje. Shingo fupi. Sikio moja kubwa kama feni. Miguu mitano.

Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mwanangu, huu wa tano wa nini. Akasema ni wa kubadilishana, wengine wakichoka.

Mume wangu alicheka hadi akainuka kwenye mkasi, nami nikauona, lakini sikuuchukua. Naomba hilo likumbukwe.

Asubuhi, Kidoti alipokuwa ananawa uso, nilimwongezea twiga wake kope moja. Kope si kazi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Aliyewekwa mlangoni ni konokono. Ndiyo, wa pacha mmoja! Watoto waliokota maranda ya randa ya baba yao, yale yanayojiviringa yenyewe, wakayabandika juu ya kipande cha ndala. Gamba kamili. Moyo uliniuma, lakini ni kazi nzuri, sina la kusema. Mama Pacha alikaa kando yangu akaninong'oneza kwamba maranda mawili aliyakunja yeye. Nikamnong'oneza habari ya kope. Tulicheka mpaka mwalimu akageuka.

Na wetu? Yuko palepale, chini ya jina. Kidoti alimshika mkono kila mzazi aliyeingia, hata asiowajua, akawapeleka kuona. "Nimetengeneza mimi," anawaambia. "Ana mguu wa akiba." Kuna vumbi sana darasa lile, nilifuta macho mara tatu. Nimewaeleza wote kwamba mikono ile imetoka upande wangu.

Twiga mkubwa yuko dirishani saluni, amevaa wigi. Leo wateja wawili wameomba msuko wake.

Kabla hatujatawanyika mwalimu akatangaza: wiki ijayo watoto watawaimbia wageni wakiwa wamevaa kofia za karatasi za manila, walizotengeneza wenyewe. Neno "wenyewe" alilitamka mara mbili, akitazama upande wetu. Nikatikisa kichwa kwa kukubali. Mama Pacha naye akatikisa. Nimemwona njiani akikunja kona ya duka la vifaa vya shule, na nimemwona kwa sababu mimi nilikuwa natoka humo.

Manila kumi. Ninafikiria tausi, mkia wazi. Kichwa nimeshapima, changu, maana cha Kidoti hakitulii. Dada zangu, wifi, wateja wote nimeshawaambia wakae mbele, kwa sababu watakaokaa nyuma ya kofia yetu hawataona kitu. Ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi.