Nozeli Nne na Mlima wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena! Shemeji, kaka yake mke wangu, amenipita kwenye mlima wa kwenda kwa mama mkwe. Kona ile ile ya kiwanda cha matofali. Kanipungia mkono kama anayeaga msafiri wa mbali. Gari lake lina turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Langu halina. Linavuta hewa kwa pumzi zake lenyewe, gia ya pili, na mimi nimeinama mbele kulisaidia. Mke wangu anasema kaka yake anatusalimia tu. Kusalimia!

Baada ya chai, wazo! Injini ni kama mtu. Ukitaka abebe zaidi, mlishe zaidi. Na mafuta huingia kwenye injini kupitia nozeli. Nozeli kubwa, mlo mkubwa. Sijui kwa nini sikusomea uhandisi.

Jumanne, 4 Machi

Nimezipata! Nozeli nne za mitumba, zimetoka kwenye injini ya lita tatu yenye turbo. Gari langu ni lita moja na nusu. Yaani mara mbili! Nimezifunga kwenye leso na kuzificha ndani ya buti la mvua. Mke wangu kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nimesema ni hali ya hewa. Kachungulia dirishani. Mawingu.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi asubuhi na mapema. Wateja humwita Daktari, kwa sababu huisikiliza injini kwa bisibisi iliyobanwa sikioni. Kazitazama nozeli zangu, kanitazama mimi, kanywa maji kwanza.

“Bwana mkubwa,” akasema, “hii haina turbo. Ukiimwagia mafuta yote haya na hewa ni ile ile, itapaliwa. Na kompyuta ya gari haizijui hizi.”

Eti zangu za zamani zinahitaji kusafishwa tu. Kusafishwa! Mtu anakuja kutafuta mbawa, anapewa sabuni. Nimeshikilia msimamo. Kanitaka nisaini kwenye daftari lake kwamba amenionya. Nimesaini kwa mbwembwe, nikapiga mstari chini mara mbili.

Saa tano zimefungwa. Gari limenguruma kama simba mwenye mafua! Harufu ya petroli kila mahali, harufu ya ushindi. Moshi mweusi kidogo. Nimemweleza fundi kwamba huo ni uchafu wa zamani unatoka. Alikuwa anasogeza gari la mteja mwingine mbali na langu.

Jioni nimempigia shemeji. Kesho mama anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, hospitali iko juu kabisa ya mlima ule, na yeye ndiye angempeleka. Nimemwambia asijisumbue. Mkwe yupo.

Alhamisi, 6 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Mama alilala kwetu; tulishuka naye Jumatatu. Tulitoka saa moja na robo, miadi saa mbili kamili. Ukichelewa unapewa tarehe nyingine, na hii yenyewe ameingoja miezi minane. Kwenye tambarare, raha tupu. Mlima ulipoanza, gari likakohoa. Nikakanyaga mafuta. Likakohoa zaidi. Nyuma yetu dunia ikawa nyeusi, magari yakawasha taa.

Mama, ambaye haoni vizuri, akasema leo ukungu umezidi.

“Si ukungu, mama,” mke wangu akasema. “Ni mkwe wako.”

Kwenye kona ya kiwanda cha matofali, kimya. Injini imezima. Nikafungua plagi moja ya cheche: imelowa petroli, nyeusi kama sufuria ya kuni. Saa mbili kasoro robo. Mama akapapasa akanishika mkono, akauliza kwa upole kama tutafika. Kanieleza kwamba anachotaka ni kutunga uzi kwenye sindano mwenyewe, bila kumwita jirani. Nilitaka ardhi ipasuke.

Honi. Shemeji! Alikuwa anatufuata tangu chini, eti tu kwa usalama. Kamshusha mama taratibu, kamfungia mkanda, wakapanda mlima. Walifika zimebaki dakika tatu. Mimi nikabaki na gari, na wapita njia wenye maoni.

Ijumaa, 7 Machi

Upasuaji umefaulu! Jana fundi alilivuta gari, akarudisha nozeli za zamani baada ya kuzisafisha, akaweka plagi mpya. Alifungua daftari tu, akaliacha wazi kwenye ukurasa wa saini yangu.

Leo nimepanda kumchukua mama. Bandeji imetoka. Kasimama mlangoni, katazama miti, watu, mbingu. Machozi yakamtoka, yangu pia. Kisha katazama gari kwa nyuma, kwa muda mrefu.

“Baba,” kaniuliza, “hili si lilikuwa jeupe?”

Jumapili, 9 Machi

Gari linakwenda laini kuliko mwezi uliopita. Ajabu, nimebadilisha plagi tu. Shemeji kanipita pale pale, lakini polepole, kwa adabu, kama anayepita chumba cha mgonjwa. Afadhali angenitukana!

Mama katunga sindano mbele yetu, kwa jaribio la kwanza tu. Tukapiga makofi. Na katikati ya makofi yale ndipo nilipoona mwanga. Nguvu haikuwa tatizo kamwe. Tatizo ni uzito! Kiti cha nyuma peke yake ni kilo ishirini na kitu. Tairi la akiba. Jeki. Milango minne, kwa nini?

Upasuaji wa jicho la pili ni baada ya wiki mbili. Nimeshampigia shemeji kumwambia asijisumbue. Mke wangu anauliza, kama kiti cha nyuma kimetoka, mama atakaa wapi. Hilo ni swali la mtu asiyeelewa mashine. Bolti mbili tayari zimetoka. Ya tatu inaanza kulegea!