Kuhusu Mbalungi wa Mama Mkwe, na Mguu Wangu Usio na Hatia

Kwa Mheshimiwa Sheha, Mzee Abrahman,
Vitongoji, Pemba.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Mimi ni Rumaitha, yule bibi harusi aliyeletwa kutoka Chokocho. Harusini ulikuwapo, ukala pilau, ukaulizia na ukoko. Mume wangu ni Haroub, yule mrefu.

Mzee wangu, mapenzi ninayoyapata katika nyumba hii ningeweza kuyagawa kwa shehia nzima na bado yangebaki ya kulalia. Kila alfajiri, kabla sijafumbua macho, Haroub huwa ameshanimwagia maua juu ya mto, meupe, manene, yananukia mpaka kichwa kinazunguka. Nikimwuliza kayatoa wapi, husema mapenzi hayaulizwi anwani. Yakinyauka huyafukia mwenyewe, eti ni siri ya fungate. Kwetu ni watu wa bahari. Nifunge macho nitakutajia samaki kwa harufu, lakini maua siyajui. Basi nanusa tu.

Sasa malalamiko. Uani kwetu kuna mbalungi wa mama mkwe wangu, Bi Mwatum. Ni mti wa kupandikiza, mfupi, haujamshinda Haroub kimo, lakini mwaka jana ulizaa mabalungi kama vichwa vya watoto na majirani wote wakala. Bi Mwatum huumwagilia maji aliyooshea mchele, huutilia samadi ya mbuzi kwa mkono wake, na asubuhi huuamkia mti kabla ya kutuamkia sisi. Siku nilipoingia, ulikuwa umejaa vitumba. Tangu siku hiyo halijashika hata balungi moja. Jioni maua yanachanua, asubuhi hayapo. Mama mkwe akasema mbele ya mawifi: mti ulikuwa wazaa, kaingia mwari, mti umenyamaza. Yaani mguu wangu una kisirani! Nimekatazwa hata kuukaribia. Nauona kwa mbali, kupitia dirisha la jikoni.

Juzi likafanyika lile jambo la kuutisha mti, mmoja anashika panga na mwingine anauombea. Bi Mwatum akaupiga shina kwa ubapa: "Leo nakukata, huna faida!" Wifi yangu Asya akamshika mkono: "Usiukate, mama, utazaa, mimi naudhamini." Ungekuwa mchezo mzuri, isipokuwa penye "huna faida" mama alikuwa ananitazama mimi, na hakuna aliyenidhamini. Kisha akakata shauri kwamba mwezi ukiandama bila tunda kushika, nirudishwe Chokocho nikakae kwa mama yangu mpaka mti uzae. Nitenganishwe na Haroub kwa ajili ya balungi!

Kwa hiyo nimefanya uchunguzi. Nimesoma mpaka Kidato cha Nne, na Baiolojia nilifaulu yote isipokuwa sura ya mimea. Washukiwa wangu ni hawa:

1. Bi Radhiya, jirani. Alikuja kunitazama siku za fungate, akasema, "Lo, mti umejaa maua huu!" Akanywa maji, akaondoka, Mashaallah hakuisema. Naomba aitwe aje kuisema sasa, kwa sauti, mbele ya mti, na mashahidi wawili.

2. Bendera ya chama ya Mzee Jecha, jirani yetu mwingine. Kivuli chake hupita juu ya mbalungi kila alasiri. Sisi chama chetu hatukitaji, na mti haujahudhuria mkutano wa mtu yeyote. Lakini katika kisiwa ambacho watu wameacha kuuziana chumvi kwa ajili ya vyama, mti nao una haki ya kuogopa. Naomba mlingoti usogezwe. Ikishindikana, bendera ya upande wa pili ipandishwe pia, ili mti upate vivuli kwa haki sawa.

3. Popo wetu wa Pemba, wale wakubwa. Hawa wanalindwa kuliko mimi. Wageni hupanda ndege kuja kuwapiga picha wakiwa wamelala. Naomba wapigwe marufuku kutoka usiku.

4. Nyuki wa Nassor, yule mwenye mizinga. Wanakuja, wanazunguka, wanarudi mikono mitupu. Hapa sina ombi. Nimeona uchungu tu.

5. Mwizi. Hili ndilo kubwa. Asya amemwona mtu mrefu penye mti alfajiri, ana kikapu, anaimba chini chini. Zimekutwa nyayo za makubadhi makubwa, sawa na ya mume wangu, lakini makubadhi hayo yamejaa tele Chake Chake. Nilipomweleza Haroub alikohoa sana, akasema labda ni popo. Popo mwenye makubadhi, mzee wangu! Kisha akanisihi nisikuandikie. Ndivyo alivyo, hapendi kuwasumbua wakubwa. Naomba askari wawili wakeshe chini ya mti, na mtu huyo akishikwa afungwe mpaka mabalungi yaive.

Kuhusu mguu wangu, uliza Chokocho. Mwaka nilioingia darasani kwake, mwalimu wa Hisabati alipata mke.

Nisalimie Bi mkubwa wako, watoto, wazee wa baraza, na Mzee Jecha pia, kwani ugomvi wangu ni na kivuli, si na yeye.

Wako mtiifu, mwenye furaha iliyopita kiasi,
Rumaitha, mke wa Haroub.

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kwa sababu nilitaka kuileta mwenyewe. Niliamka alfajiri, nikafungua dirisha la jikoni, nikamwona mwizi. Kaikunja kanzu, imejaa maua meupe, anauambia mti, "Niwie radhi, mke wangu anayapenda." Hapo ile sura ya mimea ikanijia yote kwa mara moja: tunda hutoka katika ua. Mabalungi ya mama mkwe, Sheha, nimeyalalia mimi. Kumbe Bi Mwatum alisema kweli, mti ulinyamaza kwa sababu ya kuingia kwangu. Nilitakiwa kukasirika. Nikazidi kumpenda.

Ameacha. Na katika tawi la ndani, penye miiba ambapo mkono wake haukufika, limeshika balungi moja, dogo kama punje ya choroko. Bi Mwatum ameliona, akapiga kigelegele, anasema mguu wangu umefunguka. Chokocho siendi. Naomba asiambiwe lolote.

Basi Bi Radhiya asiitwe, popo waachiwe usiku wao, na bendera ipepee. Hasa naomba wale askari wa alfajiri wasije kabisa, wala upande wetu wala upande wa jirani, kwa sababu leo nimeamka na mto umejaa asumini, na mwasumini ninaoujua mtaani petu ni mmoja tu, uko chini ya mlingoti wa Mzee Jecha.