Bastola Fupi ya Mzee Philbert

Alhamisi, 5 Juni 2025. Ilomba, Mbeya.
Tekla, mpenzi wangu, kapiga simu kutoka kwao Iringa. Baba yake, Mzee Philbert, kakubali kuniona Jumamosi! Mzee ni askari wa wanyamapori mstaafu. Ana bastola ya kibali, rivolva ndogo ya kuingia mfukoni, na akianza kuizungumzia hanyamazi. Tekla kaniagiza nisalimie, nile, ninyamaze. Ninyamaze? Wakati Zabron, jirani yao anayemtaka Tekla, kila wiki anampasulia mama yake kuni? Hapana. Nitamshangaza Mzee kwa elimu ya silaha. Sina, lakini kesho ipo.

Ijumaa, 6 Juni.
Kwanza nimewaza mwenyewe. Mtutu mfupi, njia fupi, risasi inawahi kutoka. Kwa hiyo ina kasi kuliko ya bunduki ndefu. Basi la Makambako si hufika kabla ya la Iringa? Jioni nikasoma mtandaoni. Wanasema kinyume! Eti baruti ikiwaka hutoa gesi, na gesi huisukuma risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Mtutu ukiwa mfupi, risasi inachomoka kabla haijasukumwa vya kutosha, na baruti iliyobaki inaishia kuwa moto na kelele nje. Nikarudia kusoma. Nikaelewa. Nikakumbuka lile basi, nikaacha kuelewa. Kichwa kinauma. Nitashikilia hoja ya basi.

Jumamosi, 7 Juni. Iringa.
Baridi! Na Zabron yupo, kavaa koti. Nani kamwalika? Baada ya ugali Mzee katoa rivolva, kaitoa risasi zote, kazitia mfuko wa shati, ndipo akaiweka mezani. Kinywa changu kikafunguka chenyewe. Nikamweleza kwamba kwa ufupi huo wa mtutu, risasi yake inaiacha mbali ya bunduki ndefu. Mzee kauliza, je, tukiukata nusu? Nikasema itazidi mbio.

"Na nikiitupa risasi kwa mkono tu, kijana wangu, bila mtutu?"

Nikajibu inategemea mkono. Tekla kaangalia sahani. Zabron kakohoa. Kikohozi cha kucheka, nakijua.

Jumapili, 8 Juni.
Tulipotoka kanisani nikaomba nafasi ya kuthibitisha. Nimekata mianzi miwili uani, mmoja mrefu, mmoja mfupi kama kidole. Risasi: maharage. Nikapuliza mfupi. Harage likaangukia kiatu changu. Nikaeleza kwamba limekwenda kasi mno, limechoka. Nikapuliza mrefu. Harage likavuka ua, likampata mama yake Tekla sikioni, naye kabeba ungo wa mahindi. Mahindi yote chini! Waliofurahi ni kuku.

Nikajua nimekwisha. Kumbe Mzee kakaa chini, machozi yanamtoka. Kicheko! Akaniambia kwamba ndani ya mrefu pumzi yangu ilipata nafasi ya kusukuma, kwenye mfupi ikapotelea hewani. Rivolva yake ni hivyohivyo; aliichukua kwa kubebeka, si kwa mbio. Nikaitikia kwa kichwa. Sijaelewa. Harage la mfupi si ndilo lililowahi kutua?

Kisha akamwita mama, aliyekuwa bado kashika sikio, wakanong'onezana. Mzee kasema tangu astaafu hajacheka hivi nyumbani kwake. Nilete wazee wangu!

"Ila bunduki usiguse."

Zabron kaondoka bila kuaga. Tekla kaniuliza kama mimi ni mzima, halafu kanishika mkono. Sijui nimeshinda vipi.

Jumatatu, 9 Juni. Mbeya.
Nimewaza njia nzima. Ni wazi: Mzee alizidiwa na hoja, akaona aibu kukiri. Mjomba Yotamu ndiye atakayeongoza posa. Ana wasiwasi, hajui ataongea nini na mtu aliyekaa porini miaka yote hiyo. Nimemtuliza. Mzee ana mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba. Mazungumzo hayo aniachie mimi. Sijawahi kufuga nyuki, lakini nimeshagundua jambo: wenye mabawa mafupi lazima watoe asali nzito zaidi.